MNYAA: UA WA BOMA NA PAMBO LA UWANJA

Wasomaji wetu wa Kigoma, Ujiji na pwani yote ya Ziwa Tanganyika, tangu Kagunga mpakani mwa Burundi mpaka Sunuka na Kalya upande wa kusini, waujua mti uitwao mnyaa, ambao wengine huuita manyara. Mti huu waonekana kandokando ya njia, katika mipaka ya mashamba na kuzunguka nyumba za wazee. Kwa kuwa waonekana kila siku, watu wengi hawaufikirii. Huuchomeka ardhini bila ya kuangalia, huukata bila ya hadhari, na watoto huuchezea bila ya kukatazwa.

Leo twataka kuueleza mti huu: asili yake, namna ya kuupanda na kuuzidisha, namna ya kuutunza, na hatari iliyo ndani yake. Twaandika kwa ajili ya wakubwa wa vijiji, ambao huletewa mashauri ya mipaka. Kwa waalimu, ambao wamepewa watoto wa watu chini ya ulinzi wao. Na kwa kila mwenye nyumba apendaye uwanja wake uwe na heshima.

MTI WENYEWE

Mnyaa ni katika jamii ya mimea yenye kuhifadhi maji mwilini mwake. Matawi yake ni ya kijani, ya mviringo, laini, na unene wake ni kama wa kalamu ya risasi. Majani yake ni madogo sana, nayo huanguka upesi, hata mtu asiyetazama kwa makini husema kwamba mti huu hauna majani kabisa. Kazi ambayo katika miti mingine hufanywa na majani, yaani kupokea nuru ya jua na kujipatia chakula, katika mnyaa hufanywa na matawi yenyewe. Ndiyo sababu yana rangi ya kijani.

Kuna jambo jingine la ajabu. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya hewa wakati wa mchana, na kwa vitundu hivyo maji mengi hupotea kwa joto la jua. Matawi ya mnyaa hufungua vitundu vyake usiku, wakati wa baridi, na mchana huvifunga. Hivyo maji yake hayapotei ovyo, nao husimama wa kijani katika mwezi wa Agosti na Septemba, majani ya vilimani yakiwa yamekauka na vumbi limejaa njiani.

Ukipandwa kuwa ua na kupogolewa, mnyaa huwa na urefu wa kimo cha mtu au kuzidi kidogo. Ukiachwa peke yake huwa mti kamili, wenye shina gumu na urefu wa mita 5 au 7, na mara nyingine zaidi. Maua yake ni madogo, rangi yake ni ya manjano, nayo hutoka katika ncha za matawi. Tena miti mingi ya namna hii ni ama ya kiume ama ya kike, na mara nyingi ua mzima wa kijiji umetokana na mti mmoja tu. Kwa hiyo mbegu zake ni adimu, na watu huuzidisha kwa vipande vya matawi.

JINA LAKE NA SAFARI YAKE

Wataalamu wa mimea huuita Euphorbia tirucalli. Jina hilo lilitolewa na Linnaeus, mtaalamu wa nchi ya Sweden, katika mwaka 1753. Neno la pili, tirucalli, si la Kizungu wala si la Kiafrika, bali latoka katika lugha ya watu wa Malabar, upande wa kusini-magharibi wa Bara Hindi, ambako mnyaa ulikuwa ukipandwa kuwa ua tangu zamani. Lakini asili ya mti huu ni Afrika. Basi ni mwenyeji wetu aliyekwenda ugenini, akaandikwa katika vitabu kwa jina alilopewa huko.

Hapa kwetu majina yake ni mengi. Wamasai huuita emanyara, nao huutumia kuzungushia maboma yao. Na kwa neno hilo Ziwa Manyara limepata jina lake, na kwa ziwa hilo Mkoa wa Manyara, uliofanywa mwaka 2002.

Wasafiri waliopita katika njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Tabora mpaka Ujiji, waliandika juu ya vijiji vya Unyamwezi vilivyozungushiwa ua wa mnyaa. Burton na Speke walifika Ujiji kwa njia hiyo mwezi wa Februari 1858. Katika siku zile ua haukuwa pambo. Ulikuwa ngome ya mji. Mnyama mkali hakupenda kuupita, na adui aliyetaka kuukata kwa haraka alirukiwa na utomvu machoni. Leo vita vya namna ile vimekwisha, lakini faida nyingine za ua zimebaki.

KWA NINI UA ULIO HAI

Mtu ajengaye ua wa miti mikavu hukata fito na nguzo nyingi vilimani. Mchwa huzila, mvua huziozesha, na baada ya miaka michache hana budi kurudi kukata tena. Watu elfu wakifanya hivyo, kilima hubaki kitupu. Mvua ikinyesha juu ya kilima kitupu, udongo huchukuliwa na kuteremka mpaka ziwani. Wataalamu waliochunguza Ziwa Tanganyika wameona kwamba udongo huo hufunika mawe ya pwani ambamo samaki wengi wadogo huishi na kuzaa, na mahali hapo aina za samaki hupungua. Hivyo mtu anayekata fito juu ya kilima amemgusa mvuvi aliye chini, ingawa hawajaonana.

Kwa ajili ya taabu hiyo ulianzishwa mwaka 1994 mpango uitwao TACARE, wa kupanda miti na kufundisha watu wa vijiji vilivyo karibu na Gombe. Sisi hatusemi kwamba mnyaa peke yake utarudisha misitu. Twasema tu kwamba kila ua wa mnyaa uliosimama imara ni mzigo wa fito usiokatwa, mwaka huu na miaka mingi ijayo.

Tena mnyaa hauhitaji fedha. Haununuliwi dukani. Jirani mwenye ua mzuri aweza kukupa matawi ya kutosha siku ya kupogoa kwake, naye hapungukiwi na kitu.

KUCHAGUA NA KUKATA

Chagua mti mzima, wenye afya, usio na matawi yaliyosinyaa wala madoa ya kuoza. Usichukue ncha changa sana, maana hizo husinyaa kabla ya kutoa mizizi. Yafaa tawi lililokwisha komaa kidogo, ambalo sehemu yake ya chini imeanza kuwa ngumu. Kwa kitalu au chungu, kipande cha sentimita 15 mpaka 20 chatosha. Kwa ua, kata vipande vya sentimita 40 mpaka 60, kwa sababu kipande kirefu husimama vema na hakifunikwi na majani ya mvua.

Kabla ya kukata, jitayarishe. Vaa nguo yenye mikono mirefu. Funika mikono kwa mifuko ya plastiki au glovu, ukizipata. Mwenye miwani aivae. Weka ndoo ya maji safi na sabuni karibu nawe, si nyumbani, bali mahali pale pale pa kazi. Waondoe watoto. Simama upande utokako upepo, ili matone yasipeperushwe usoni pako. Tumia kisu au panga kali, ukate kwa mara moja; panga butu hupondaponda tawi, na tawi lililopondwa huoza. Kata tawi lililo chini ya kifua chako, usikate tawi lililo juu ya kichwa huku umeinua macho.

Mara tu ukikata, utomvu mweupe kama maziwa utatiririka. Chovya mahali palipokatwa katika maji au katika mchanga mkavu, nao utakoma. Usijipanguse jasho kwa mkono wakati wa kazi hii. Watu wengi walioumia hawakurukiwa na tone. Walijifikicha macho wenyewe kwa mkono uliokuwa na utomvu.

KUKAUSHA KABLA YA KUPANDA

Hili ndilo neno ambalo wapandaji wengi hulisahau. Mtu hukata tawi asubuhi na kulipanda mchana, katika udongo uliojaa maji, na baada ya majuma mawili hulikuta limeoza upande wa chini. Hulaumu udongo, au husema kwamba mkono wake si wa kupanda. Kosa si la udongo wala la mkono. Kidonda kibichi kimewekwa ndani ya tope.

Vipande vikishakatwa, vilaze kivulini, mahali pakavu panapopita hewa, kwa siku 3 mpaka 7. Vipande vinene vikae zaidi kuliko vyembamba. Visifunikwe kwa turubai, wala visiachwe juani. Baada ya siku hizo, mahali palipokatwa patafanya ngozi kavu kama kovu, na kovu hilo huzuia uozo usiingie. Usiogope kwamba kipande kitakufa kwa kiu. Maji yamo ndani yake, nacho chaweza kungoja.

MAJIRA NA NAMNA YA KUPANDA

Katika Kigoma mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Oktoba au Novemba, huendelea mpaka Aprili au mwanzo wa Mei; na miezi ya Juni mpaka Septemba ni kiangazi. Wakati wa kwanza ufaao kupanda mnyaa ni mvua zinapoanza, udongo ukiwa umelowa lakini haujashiba. Wakati wa pili ni mvua zinapokaribia kwisha, ili vipande vipate unyevu wa kutoa mizizi bila ya kuozeshwa na mvua nyingi. Mpandaji ajihadhari na siku ambazo mvua hunyesha usiku na mchana.

Mnyaa haubagui sana udongo. Hustawi katika mchanga, katika changarawe na katika ardhi nyekundu ya vilimani. Kitu usichokipenda ni maji yaliyotuama. Mwenye kiwanja karibu na ziwa akumbuke kwamba maji ya Tanganyika hupanda na kushuka. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, yalipanda hata yakaingia katika nyumba na njia za pwani. Ua wa mnyaa uliosimama majini hauna maisha.

Nyosha kamba mahali ua utakapopita. Chimba mfereji mwembamba au toboa mashimo kwa mti wenye ncha, kina chake sentimita 10 mpaka 15. Usichomeke kipande kwa nguvu katika ardhi ngumu, maana kovu lake litachubuka. Simamisha kipande, rudishia udongo, na uukanyage kidogo ili kisitikisike kwa upepo. Kati ya kipande na kipande acha sentimita 30. Ukitaka ua mnene wa kuzuia kuku na mbuzi, panda mistari miwili, ya pili ikielekea katika nafasi za ya kwanza.

Baada ya hapo acha. Usimwagilie kila siku. Ikiwa mvua imekoma kwa majuma mawili na udongo umekauka kabisa, mwagilia kidogo. Mizizi huanza kutoka baada ya majuma kadhaa. Usikichomoe kipande ili kutazama, kama wafanyavyo watoto. Vuta polepole kwa vidole viwili, na ukiona kimeshika, mizizi imekwisha toka.

HESABU YA UA

Waalimu wataona kwamba kazi hii yafaa pia kwa somo la hesabu. Tuseme mtu ana kiwanja chenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 20. Mzunguko wake ni mita 100. Aacha mlango wa mita 2. Zimebaki mita 98. Akipanda mstari mmoja, kipande kimoja kila sentimita 30, atahitaji vipande 327. Kwa kuwa vingine vitakufa, aongeze sehemu moja ya kumi, yaani 33. Jumla ni vipande 360.

Mtu asiye na matawi ya kutosha asikate tamaa. Apande kwanza upande wa mbele, na baada ya miaka miwili au mitatu upande huo utampa vipande vya pande zilizobaki.

KUTUNZA NA KUPOGOA

Katika mwaka wa kwanza ng'oa majani yanayouzunguka, yasiusonge. Vipande vilivyokufa vibadilishwe katika majira yafuatayo ya mvua, ili usiachwe upenyo. Upenyo mdogo wa leo ni mlango wa mbuzi wa kesho.

Ua ukifika kiunoni, kata ncha zake ili utoe matawi ya upande na kuwa mnene kutoka chini. Ukiuacha urefuke kwanza, utakuwa mwembamba miguuni, na kuupunguza baadaye ni kazi ya hatari, kwa sababu utomvu utakudondokea kutoka juu. Baadaye pogoa mara moja kila mwaka, wakati wa kiangazi. Fanya kazi hiyo siku isiyo na upepo, wala usiikabidhi kwa watoto wa shule.

Matawi yaliyokatwa yasitupwe njiani wala katika kijito. Yachimbiwe shimo, au yalazwe mahali palipozungushiwa mpaka yakauke. Wala yasitiwe jikoni yakiwa mabichi, maana moshi wake huwasha macho na koo.

MNYAA KATIKA CHUNGU

Wako watu wa nchi za baridi ambao huupanda mnyaa ndani ya nyumba zao kuwa pambo, katika chungu, karibu na dirisha. Iko hata aina moja ambayo ncha za matawi yake huwa na rangi ya chungwa na nyekundu. Mwenye nyumba wa Ujiji au wa Mwanga, aliye na baraza ndogo na hana kiwanja, aweza kufanya vivyo hivyo.

Twaa chungu, au debe kuukuu lililotobolewa matundu manne au matano chini. Weka vigae au kokoto juu ya matundu. Changanya sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya mchanga mnene, na konzi ya samadi iliyooza sana. Panda vipande vitatu vilivyokwisha kauka. Weka chungu mahali penye nuru nyingi, lakini katika majuma ya kwanza kisipigwe na jua kali la mchana. Mwagilia pale tu udongo ukikauka mpaka ndani, na siku za masika usimwagilie kabisa, ikiwa mvua yakifikia. Sahani ya kuzuia maji isiwekwe chini yake. Tena chungu kiwekwe juu, mahali mtoto mdogo asipopafikia.

HATARI YA UTOMVU

Sasa twafika katika neno kubwa kuliko yote. Utomvu wa mnyaa ni sumu. Ukiingia ngozini huwasha na waweza kufanya malengelenge. Ukimezwa huunguza kinywa na tumbo. Ukiingia jichoni huleta maumivu makali, uvimbe na machozi, na mtu aweza kukosa kuona kwa siku kadhaa. Naye asiyetibiwa aweza kubaki na kovu juu ya kioo cha jicho.

Mtu akiingiwa na utomvu machoni, fanyeni hivi:

1. Mara ile ile, mwosheni jicho kwa maji mengi safi. Msingoje kutafuta dawa.

2. Endeleeni kumwaga maji polepole kwa dakika 15 mpaka 20, au zaidi, huku kope zimefunuliwa. Kichwa kiinamishwe upande wa jicho lililoumia, ili maji yasiingie katika jicho lililo zima.

3. Asifikiche jicho. Mwosheni pia mikono na uso kwa sabuni, na nguo zake zibadilishwe.

4. Mpelekeni zahanati siku ile ile, hata kama maumivu yamepungua. Mara nyingi jicho huzidi kuuma baada ya saa kadhaa. Mganga akiona yapasa, atampeleka katika Hospitali ya Mkoa ya Maweni.

Watu wengi wana desturi ya kutia jichoni maziwa ya mama, au maji ya majani fulani. Twawasihi waiache. Maji safi, mengi, na ya upesi ndiyo msaada wa kwanza. Vitu vingine huchelewesha na vyaweza kuongeza uchafu.

Kuna jambo la pili ambalo wazazi wapaswa kulijua. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa saratani uwapatao watoto wa Afrika, hasa katika taya. Baadaye, mwaka 1964, kilionekana kirusi kinachohusika na ugonjwa huo. Wataalamu wamejua kwamba malaria ya mara kwa mara huusaidia ugonjwa huu, nao wamechunguza pia utomvu wa mnyaa, kwa kuwa umeonekana kuwa na nguvu ya kukiamsha kirusi hicho. Hatusemi kwamba mtoto aishiye karibu na ua wa mnyaa ataugua. Twasema kwamba si busara kumwacha mtoto auchezee utomvu, autumie kama gundi, au atafune vijiti vyake. Wala si busara kwa mtu mzima kuunywa kama dawa ya tumbo au ya kikohozi.

Jambo la tatu lawahusu wavuvi. Katika nchi nyingi za Afrika mnyaa umetumiwa kuwalevya samaki. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 yakataza kuvua kwa sumu. Na hata kama isingekuwapo sheria, anayetia sumu majini huua samaki wadogo pamoja na wakubwa, naye huwapelekea watu chakula asichokijua. Dagaa na migebuka wa ziwa letu ni riziki ya watu wengi mno. Haifai mtu mmoja aichezee.

Twaongeza kwamba utomvu huu umewavuta hata wenye elimu kubwa. Melvin Calvin wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1961, alifikiri katika miaka ya 1970 kwamba mafuta ya kuendeshea mitambo yangepatikana katika maziwa ya mimea ya jamii hii. Walakini kwa mkulima wa kwetu faida ya mnyaa ni ua wenyewe.

MAHALI PASIPOFAA

Kwa sababu hizo, mnyaa usipandwe karibu na kisima wala chemchemi. Wala karibu na mchanga ambapo dagaa huanikwa. Wala kuzunguka uwanja wa kuchezea wa watoto wa madarasa ya chini. Wala kando ya njia nyembamba ipitwayo na watu waliojitwika mizigo, maana tawi likivunjika hupiga uso.

Kwa uwanja wa shule twapendekeza mshubiri. Nao huhifadhi maji katika majani yake manene, hustahimili kiangazi, na maua yake mekundu au ya chungwa hupendeza sana. Huzidishwa kwa machipukizi yatokayo ubavuni mwa mama: yang'olewe na mizizi yake, yakaushwe kivulini siku mbili au tatu, ndipo yapandwe. Wengine hupenda mbono kaburi. Huo nao husitawi kwa vipande, lakini mbegu zake ni sumu, na watoto huzidhani kuwa karanga. Kwa hiyo shuleni haufai.

MNYAA NA MIPAKA YA MASHAMBA

Wakubwa wa vijiji wanajua kwamba mashauri mengi ya ardhi huanza kwa mpaka usioonekana. Jiwe husogezwa, mti mkavu huanguka, mfereji hufukiwa na mvua, na wazee waliojua mpaka hufa. Mstari wa mnyaa uliokwisha komaa ni shahidi mgumu kunyamazishwa. Mtu hawezi kuuhamisha usiku mmoja bila ya kuacha alama, na umri wa mashina waonekana kwa macho.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo, mwenye tamaa aweza kuutumia kwa uovu. Huchomeka vipande vichache ndani ya shamba la jirani mwenye kusafiri, au la mjane asiye na msemaji, na baada ya miaka mitano husema, "Tazameni, ua wangu ni wa zamani." Basi twashauri utaratibu huu. Majirani wote wa pande zote waitwe kabla ya kupanda. Wajumbe wa kitongoji wawepo. Mpaka upimwe kwa kamba mbele yao, na maelezo yaandikwe katika daftari la kijiji, pamoja na tarehe na majina ya mashahidi. Wenye mashamba wakubaliane pia nani atapogoa upande gani. Ua ambao haukushuhudiwa na watu usihesabiwe kuwa ushahidi kamili.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji kwa ajili ya kupatanisha wagomvi wa namna hii, na pia imeweka hati ya haki miliki ya kimila. Mnyaa wasaidia kuonyesha mpaka. Haki yenyewe hulindwa kwa hati na kwa kweli ya mashahidi.

MASWALI KWA DARASA

Waalimu wakipenda, wawaulize wanafunzi maswali haya baada ya kuwasomea:

1. Kwa nini matawi ya mnyaa ni ya kijani, ingawa mti hauna majani makubwa?

2. Kwa nini kipande hulazwa kivulini kabla ya kupandwa?

3. Kiwanja kina urefu wa mita 40 na upana wa mita 25, na mlango wa mita 4. Vipande vingapi vyahitajiwa, vikipandwa kila sentimita 30?

4. Rafiki yako amerukiwa na utomvu jichoni. Utafanya nini kwanza, na nini baadaye?

5. Taja mahali patatu katika kijiji chetu ambapo mnyaa haufai kupandwa, na utoe sababu.

Swali la nne mwalimu asiliache mpaka kila mtoto amelijibu kwa kinywa chake mwenyewe. Mengine yaweza kungoja kesho.